Filta na Dima: Jicho la Sungura, Jicho la Mbwa na Jicho la Mwenye Tochi

Bibi mmoja wa Pongwe alinijia kwenye kibanda changu cha ufundi wa taa, Ngamiani, Tanga, akiwa na mjukuu wake wa kiume. Kijana alishika tochi ya kuchaji, na kwenye kioo chake alikuwa amefunga karatasi nyekundu ya pipi kwa mpira wa manati. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kukaa: "Mwanangu, huyu kaniharibia tochi. Nilimpa akalinde kunde, sungura wanazimaliza. Yeye kaifunga karatasi, sasa haimuliki hata mlangoni."

Kijana akajitetea. Ameona kwenye simu watu wa Uingereza wakiwinda sungura usiku na mbwa. Wengine taa zao ni nyekundu, na sungura hawakimbii, wanakaa wanatafuna majani. Yeye ana mbwa wawili nyumbani. Akaniuliza: "Fundi, si unaweza kunitengenezea ile yenye dima na filta?"

Wote wawili walikuwa na haki. Karatasi ile iliiua tochi kweli, na taa nyekundu ya wale wa Uingereza ina sababu yake. Nikagundua kwamba kumjibu kijana vizuri kunataka zaidi ya waya na risasi ya kulehemu. Kunataka kujua jicho la mnyama linafanya nini gizani. Haya ndiyo niliyomweleza, na mengine nimeyaongeza hapa kwa sababu swali lake nimeulizwa na wengi, wakulima kwa wavuvi.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili. Filta ni kioo au plastiki ya rangi inayowekwa mbele ya taa ili ipite rangi fulani tu. Dima ni kifaa cha kupunguza na kuongeza ukali wa mwanga. Filta inashughulika na mwanga wa rangi gani, dima inashughulika na mwanga kiasi gani. Kwa maneno ni rahisi hivyo. Shida inaanza pale kila kimoja kinapofanya kazi ya mwenzake bila mwenye taa kujua.

Filta nyekundu haitengenezi wekundu. Anayekuna nazi na kukamua tui anajua kwamba kifumbu hakitengenezi tui. Tui limo ndani ya nazi, kifumbu kinazuia chicha tu. Vivyo hivyo filta nyekundu inazuia buluu na kijani, na wekundu uliokuwamo kwenye taa tangu mwanzo ndio unaopita. Kama taa haina wekundu wa kutosha, hakuna cha kupita.

Na tochi nyingi za siku hizi hazina wekundu wa kutosha. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kipande kinachotoa mwanga wa buluu, karibu nanomita 450, kilichofunikwa kwa unga wa manjano. (Nanomita ni kipimo cha wimbi la mwanga: namba ndogo ni buluu, ya kati ni kijani, kubwa ni nyekundu.) Unga ule unameza sehemu ya buluu na kutoa kijani na manjano, na mchanganyiko wake jicho letu linauona mweupe. Ndani ya weupe huo buluu ni nyingi na wekundu ni haba, hasa kwenye zile tochi za bei nafuu zenye weupe wa baridi. Kuifunga taa ya namna hiyo karatasi nyekundu ni kama kupeleka dafu kwenye kifumbu: maji mengi, tui hakuna. Ndiyo maana tochi ya bibi ilikufa.

Zile taa kubwa za zamani za wawindaji wa Uingereza zilikuwa za halojeni, balbu ya waya unaowaka ndani ya kioo, zikiendeshwa na betri ya volti 12 inayobebwa begani. Waya wa moto una wekundu tele, na joto tele pia. Filta nyekundu juu ya halojeni inabakiza mwanga wa kutosha. Shida yake ni hilo joto, kwa sababu plastiki ikigusana na kioo cha halojeni yenye nguvu inalegea na kuungua. Mwenye taa ya namna hiyo aweke filta ya kioo, na aache nafasi ya hewa kupita kati yake na taa.

Kwa anayetaka mwanga mwekundu leo, ushauri wangu ni mmoja: aachane na karatasi, anunue LED nyekundu yenyewe. Ile inazaliwa nyekundu, mwanga wake ukiwa karibu nanomita 620 hadi 630, na betri haipotezi nguvu kwa kutengeneza buluu itakayozuiwa mbele.

Na kama tayari una filta na unataka kujua kama ni ya kweli, tafuta CD ya zamani, ile ya taarabu isiyochezeka tena. Washa tochi yenye filta ndani ya chumba chenye giza, mulika upande unaong'aa wa CD, igeuzegeuze mpaka mistari ya rangi itokee. Filta nzuri itaonyesha wekundu peke yake. Ukiona ukanda wa kijani au buluu, filta inavuja, na kinachovuja ndicho anachokiona sungura kuliko vyote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jicho.

Nyuma ya jicho kuna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Moja ni fimbo, zinazofanya kazi gizani na hazijui rangi. Ya pili ni koni, zinazohitaji mwanga zaidi na ndizo zinazotofautisha rangi. Sisi binadamu tuna koni za aina 3, ambazo kilele cha kila moja, yaani mwanga inaoupokea vizuri kuliko mwingine, kipo karibu nanomita 420, 530 na 560. Mbwa ana za aina 2, karibu 430 na 555. Sungura ana za aina 2 pia, lakini ile ya pili iko chini zaidi, karibu 520. Fimbo, kwa sisi sote watatu, zina kilele karibu na 500.

Sasa chukua mwanga mwekundu wa 630 uuweke juu ya namba hizo. Kwa binadamu uko mbali kidogo na 560, na bado tunauona vizuri. Kwa mbwa uko mbali kiasi hichohicho au zaidi kidogo, ila hana koni ya kuulinganisha na kijani, kwa hiyo hauoni kuwa mwekundu, anaona kitu hafifu chenye umanjano wa kiza. Kwa sungura uko mbali mno. Koni yake ya 520 inaugusa kidogo sana, na fimbo zake zinaugusa kwa shida.

Nimetumia neno "kidogo" kwa makusudi. Watu husema sungura haoni nyekundu, kana kwamba kuna ukuta. Hakuna ukuta. Uwezo wa jicho unapungua kama bahari inavyokupwa pale Sahare: maji hayakatiki ghafla kama kwenye ukingo wa gati, yanakuwa ya kiuno, yanakuwa ya goti, yanakuwa ya kisigino. Taa nyekundu hafifu, sungura yuko kwenye maji ya kisigino, haimshughulishi. Taa nyekundu yenye nguvu ya kumulika mita 200, maji yamempanda tena. Hajui kuwa ni nyekundu, lakini anajua kuna kitu kinawaka.

Rangi nyingine zinauzwa pia. Ya machungwa, karibu 590, iko katikati: sungura anaiona zaidi ya nyekundu na mbwa anaiona vizuri. Ya kijani inasifiwa sana madukani, na ni kweli kwamba jicho la binadamu usiku linapata picha nzuri kwa kijani kidogo tu. Lakini 520 ya sungura iko hapohapo kwenye kijani. Kwa mlinzi anayetaka kuona asionekane, mimi simshauri kijani. Buluu ni mbaya zaidi: inatuchosha sisi, inawaita wadudu wa taa wote wa mtaa, na sungura ana koni nzima kwa ajili yake.

Kuna faida ya nyekundu ambayo haimhusu sungura hata kidogo, na naona ndiyo kubwa kwa mkulima. Jicho la mtu likitoka kwenye mwanga mkali linachukua nusu saa na zaidi kuzoea giza kikamilifu. Ukiwasha tochi nyeupe mara moja, fimbo zinapoteza sehemu kubwa ya mazoea yale, unaanza upya. Nyekundu hafifu haizisumbui fimbo, na ndiyo sababu manahodha wa meli hutumia taa nyekundu kwenye chumba cha kuongozea usiku. Mlinzi wa shamba mwenye taa nyekundu ndogo anabaki na macho yake. Mwenye tochi nyeupe anaona duara moja la mwanga na kuwa kipofu wa shamba zima lililobaki.

Na sungura mwenyewe, mbali na rangi, ana jicho la kuheshimiwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya pua yake. Anachokikamata upesi ni kitu kinachosogea. Ukiyumbisha taa, kila mche wa kunde unarusha kivuli kinachokimbia ardhini, na kivuli hicho kinamshtua hata kama taa ni nyekundu. Mkono uliotulia una thamani kuliko filta ya bei kubwa. Halafu kuna masikio na pua. Ukitembea juu ya majani makavu, au ukikaa upepo unakotoka, hakuna rangi itakayokuficha.

Jambo jingine linalowachanganya walinzi ni macho yanayowaka. Mbwa, paka, mbuzi, fungo na komba wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo, ili seli ziupate mara ya pili. Ndiyo maana macho yao yanawaka kama makaa ukiyamulika. Sungura hana utando huo. Jicho lake linarudisha wekundu hafifu wa damu tu, na kwa pembe fulani. Nguruwe naye hana. Nimesikia watu wakisema walimulika shamba zima, hawakuona macho, wakalala kwa amani, asubuhi muhogo umefukuliwa. Nguruwe hakujificha. Macho yake hayana cha kuwaka.

Sasa tumrudie mbwa, kwa sababu ndiye anayevuruga hesabu yote.

Uwindaji ule aliouona kijana ni wa Uingereza, na una mazingira yake. Sungura wa kule anachimba mashimo, anatoka usiku kula kwenye majani mafupi, na hatari ikija anakimbilia shimo lake au ua wa miti. Mbwa wanaotumika ni wa mbio, mchanganyiko wa greyhound na mbwa wa kazi, ambao wao huwaita lurcher. Wawindaji huchagua usiku wa giza wenye upepo, ili upepo umeze sauti ya hatua zao, na huenda wakiupokea upepo usoni. Mwenye taa huzungusha mwanga haraka uwanjani, akimwona sungura aliyejilaza mbali na shimo humwachia mbwa, na kuanzia hapo mwanga lazima umfuate sungura mpaka mwisho. Sungura akiponyoka taa huzimwa, asije akajifunza. Akijifunza, siku nyingine hukimbia mara tu mwanga unapowaka, na uwanja mzima huwa na sungura wa namna hiyo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2004, kuwinda sungura kwa mbwa kumeruhusiwa kwenye ardhi ambayo mwenyewe ameridhia. Yule mnyama mwingine anayefanana naye, ambaye wao humwita hare, mwenye miguu mirefu na masikio marefu, anayelala juu ya ardhi bila shimo, haruhusiwi kukimbizwa kwa mbwa.

Tazama tatizo la mwenye taa. Wakati wa kutafuta anataka sungura asione. Wakati wa mbio anataka mbwa aone. Na filta inayomficha sungura mwanga, inamficha mbwa pia. Mbwa ana utando unaomwongezea mwanga, na koni yake ya 555 iko karibu na nyekundu kuliko ile ya sungura, kwa hiyo ana nafuu kidogo. Lakini yeye anakimbia kwa kasi kubwa gizani, kwenye ardhi yenye mashimo, waya na mawe. Wala macho ya mbwa si makali kama watu wanavyodhani. Kwa makadirio yanayotumika sana, kitu ambacho mtu anakitambua akiwa mita 75, mbwa hana budi kukisogelea hadi mita 20. Anategemea mwendo wa kitu na mwanga wa kutosha. Mkimbize mbwa kwenye wekundu hafifu, utamvunja mguu.

Ndiyo maana wanaojua kazi ile hawaachi filta nyekundu mbele ya taa mbwa anapokimbia. Wengine hutafuta kwa nyekundu kisha huifunua taa iwe nyeupe. Wengine hawana haja ya filta kabisa: hutafuta kwa mwanga mweupe ulioshushwa sana kwa dima, na mbwa akiachiwa huupandisha. Sungura akishikwa hushusha tena, wakaacha mwanga mdogo wa kumrudisha mbwa kwa mwenyewe. Hapo dima inafanya kazi ambayo filta haiwezi, kwa sababu filta ni ama ipo ama haipo, na dima ina ngazi.

Hapa nitasema ninachokiamini baada ya miaka ya kushughulika na taa. Sifa nyingi zinazopewa rangi ni za uhafifu. Filta yoyote, ya rangi yoyote, inazuia sehemu ya mwanga, kwa hiyo kila filta ni dima. Mtu anaweka nyekundu, sungura wanatulia, anasema ni wekundu. Lakini amepunguza mwanga mara kumi bila kujua. Hakujaribu kushusha mwanga mweupe kwa kiasi hichohicho aone kama wangetulia vilevile. Rangi inasaidia, namba za jicho zinaonyesha hivyo. Ila haistahili kupewa sifa zote.

Na upande wa pili nao upo: dima inaweza kuwa filta. Ukiipunguzia balbu ya halojeni volti kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30, na rangi inageuka. Waya ukipoa kidogo, buluu inatoweka kwanza, weupe unakuwa manjano, kisha machungwa. Aliyekuwa akishusha dima ya halojeni alikuwa akiongeza wekundu kwa mkono uleule. Ndiyo maana wazee wa kazi hiyo wanalalamika kwamba dima za LED hazifanani na za zamani. Wana sababu. LED ukiishusha inabaki na rangi yake, hafifu lakini yenye buluu ileile, na sungura anaiona buluu.

Dima zenyewe ziko za namna tatu nilizozifungua mezani kwangu. Ya kwanza ni rizista inayobana umeme, na nguvu iliyobanwa inageuka joto, ukaguse uone. Inafaa taa ndogo tu. Ya pili inawasha na kuzima taa haraka sana, na jicho linachanganya mimweko hiyo kuwa mwanga mmoja hafifu. Hii ni nzuri ikiwa inamweka mara mia kadhaa kwa sekunde au zaidi. Za bei rahisi humweka polepole, na mbwa huona kumweka ambako sisi hatukuoni, maana jicho lake linatenganisha mimweko hadi karibu 70 au 80 kwa sekunde. Ukitaka kuijua, elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyoshushwa. Ikionyesha mistari inayotembea, iogope kidogo. Ya tatu inapunguza mkondo wenyewe bila kumweka. Ni ghali zaidi, na ndiyo ninayoipendelea.

Jambo moja la hesabu huwashangaza wateja. Ukishusha nguvu ya taa hadi nusu, jicho litakuambia imepungua kidogo tu, lakini betri itakaa karibu mara mbili. Na mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo. Kwa hiyo anayetaka kumulika mita 50 tu, wakati tochi yake inafika 100, robo ya nguvu inamtosha. Shamba la bibi lina upana wa hatua 60. Tochi yake ilikuwa ikiwaka kwa nguvu zote usiku kucha kumulika mbuyu wa jirani.

Kijana alipoona naisifu dima kuliko filta, aliuliza nimejifunzia wapi, kwa kuwa mimi si mwindaji. Nilijifunza kwa wavuvi wa dagaa.

Wavuvi wetu wa dagaa huingia baharini siku za giza na kupumzika mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa yao haina nguvu ya kuita. Zamani walitumia karabai. Baadaye betri na LED zikaja, na nahodha mmoja akaniletea taa zake mpya akiwa na malalamiko. Zinaita dagaa vizuri, alisema, lakini kwenye kuvuta wanatawanyika. Karabai alikuwa akiipunguza upepo taratibu, mwanga unashuka, dagaa wanajikusanya na kupanda juu kuizunguka taa, ndipo ringi neti inazungushwa. Taa mpya ina swichi tu. Akizima baadhi, giza linawaangukia ghafla, kundi linavunjika. Nikamtengenezea dima ya kuzungusha kwa kidole. Kilichokuwa kimepotea kwenye taa mpya si mwanga, ni ile ngazi ya kushuka.

Ukilitazama hilo vizuri, ni jambo lilelile la sungura. Mnyama huwa hasumbuliwi na mwanga peke yake. Anasumbuliwa na mabadiliko ya ghafla. Mwezi mpevu unachomoza kila mwezi na hakuna sungura anayeukimbia. Taa inayopanda polepole kutoka kwenye hafifu sana humwacha akiendelea kula kuliko taa inayolipuka usoni mwake, hata kama mwisho zote zinafika ukali mmoja.

Na bahari hiyohiyo ya Tanga inatukumbusha kwamba hakuna rangi moja inayofaa kila mahali. Silikanti, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake hifadhi ya bahari ilianzishwa hapa mwaka 2009, anaishi kwenye kina kirefu ambako mwanga unaofika ni wa buluu. Macho yake yanapokea buluu ya karibu 480 na hayana koni ya wekundu kabisa. Kwenye fukwe za Ushongo kule Pangani, kasa wanapoanguliwa usiku hutambaa kuelekea upande wenye mwanga, na taa nyeupe ya nchi kavu inaweza kuwapoteza njia ya baharini. Anayekwenda kuwatazama anashauriwa mwanga mwekundu hafifu.

Kulikuwa na jambo ambalo nilitaka kijana alisikie mbele ya bibi yake. Yule anayekula kunde za Pongwe siye sungura wa kwenye video. Kiswahili kinawaita wote sungura, ingawa kamusi zina pia kititi na kitungule. Sungura pori wetu hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi kwenye nyasi, ana miguu mirefu, na akikimbia hakimbilii shimo la jirani, anakwenda mbali. Ni ndugu wa yule ambaye huko Uingereza hawaruhusiwi kumkimbiza kwa mbwa. Ufundi wote wa kumkatiza sungura njia ya shimoni hauna maana kwake.

Na hapa kwetu sheria haina mzaha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa kuwinda, na inakataza kuwinda kwa taa, kwa mbwa, au gizani bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Sungura ni mdogo lakini ni mnyamapori. Nilimwambia kijana waziwazi kwamba sitamtengenezea taa ya kuwindia. Nitamtengenezea ya kulindia, na mbwa wake wawili wabaki nyumbani, wachanjwe kichaa cha mbwa. Mnyama akizidi kuharibu mazao, mahali pa kwenda ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kijana alinuna. Nilimwelewa, maana ameona mbio nzuri za mbwa na moyo umemwenda. Lakini nisingeweza kumuuzia bibi kifaa cha kumpeleka mjukuu wake polisi.

Taa niliyoitengeneza ilikuwa na vichwa viwili kwenye betri moja: LED nyekundu yenye dima, na nyeupe yenye swichi yake mbali, ili isiwashwe kwa bahati mbaya. Nyekundu ni ya kutazamia. Nyeupe ni ya dharura na ya kuangalia nyoka njiani.

Jumamosi yake nilikwenda nayo Pongwe mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuona. Tulikaa mimi na kijana pembeni mwa shamba, upepo ukitupiga usoni, bila kuwasha chochote mpaka macho yakazoea. Tulipoanza na nyekundu ya chini kabisa, tuliona vivuli viwili kwenye mistari ya kunde, kama hatua 40 mbele. Vilikuwa vikila. Kijana alizungusha dima kidogo kidogo, nikimshika mkono autulize. Sehemu ya kwanza hakuna kilichobadilika. Karibu na nusu ya mzunguko, mmoja aliinua masikio. Kijana akarudisha kidogo, masikio yakalala. Akaweka alama kwenye kitasa kwa kalamu, pale pale.

Halafu tukafanya lile ambalo kwa tochi nyeupe lisingewezekana: tukawatazama mpaka wakashiba. Waliondoka bila haraka, mmoja nyuma ya mwingine, na hawakupita upande wa barabara ambako bibi alikuwa amepanga miba kwa miezi. Walipita kwenye kona ya mwembe, chini ya wavu, mahali ambapo mvua ilikuwa imechimba udongo. Tundu lenyewe lilikuwa la upana wa shubiri moja.

Asubuhi bibi alilijaza mawe, akafukia chini ya wavu urefu wa kiganja, kisha akamtuma kijana azunguke ua wote kutafuta mengine. Alipata mawili.